Khutba yangu inalalamikiwa kuwa fupi mno. Hivi fupi ni kiasi gani?

Mwalimu wa Madrasa, Tandahimba

Assalamu alaykum, na habari za leo kwa ndugu zetu Wakristo mlioko humu, maana swali linawahusu na nyie.

Nafundisha madrasa kijijini, Tandahimba. Khatibu wetu yuko Dar anauguza, kwa hiyo mimbari imeniangukia mimi. Na imeniangukia Novemba, msimu wa korosho umepamba moto. Watu wanaingia msikitini nguo zina madoa ya mabibo, wengine wameacha magunia kwenye foleni ya mizani pale chama cha msingi na akili zao ziko huko huko. Nikaona nisiwachoshe. Khutba zangu mbili zina arkani zote tano tulizosomeshwa kwenye madhehebu yetu ya Shafii: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumswalia Mtume, kuusia ucha Mungu, aya, na dua ya waumini katika khutba ya pili. Katikati naweka jambo moja tu. Dakika kumi hazifiki. Swala ndiyo naiswalisha kwa utulivu, sikimbizi.

Wazee wa safu ya mbele hawajaridhika. Mmoja alinishika mkono baada ya swala akaniuliza, "Mwanangu, ulipanda kutujulia hali?" Mwingine kasema Ijumaa ni moja kwa wiki, nisiwapunje. Wazee hawa ndio walionifundisha mimi alifu kwa ujiti, siwezi kuwajibu hovyo. Niliwatajia hadithi ya Ammar bin Yasir iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, kwamba urefu wa swala ya mtu na ufupi wa khutba yake ni alama ya ufahamu wake, basi refusheni swala na fupisheni khutba. Wakaniambia hiyo ni ya wenye ufahamu, wewe bado unautafuta.

Vijana na wachuuzi wao wanafurahi sana. Na hapo ndipo ninapopata shaka. Wanafurahi kwa sababu wameelewa, au kwa sababu wamewahi kutoka?

Naomba mawazo. Fupi iishie wapi? Na mnaohubiri makanisani, au mnaosimama kwenye vikao na harusi, nyie mnapimaje?

Bi Mikindani

Waalaykum salaam ustadh. Mimi ni mwanamke, sijawahi kupanda mimbari wala sitapanda, lakini nimesikiliza khutba tangu sina meno mpaka sasa yanaanza kunitoka, kwa hiyo nisikilize na mimi.

Wazee wako wa safu ya mbele wanakuona uso. Wanaona mkono unavyonyanyuka, wanaona jasho, wanaona ukikunja kipaji. Hata ukizungushazungusha maneno wao wanakufuata. Sisi tuko nyuma ya pazia na spika moja inakoroma. Neno la kwanza linafika, la pili limekatika, la tatu ni "…ndugu zangu katika imani…" na la nne kikohozi cha mtu. Khatibu mwenye sentensi ndefu, kwetu ni kelele. Khatibu mwenye sentensi fupi, hata nusu ikipotea, nusu iliyobaki ina maana yake. Kwa hiyo unapouliza fupi ni kiasi gani, usiulize saa. Uliza neno lako likikatwa katikati na spika mbovu litabaki na nini.

Jambo la pili. Imamu akihutubu, sisi haturuhusiwi hata kumwambia mwenzako "nyamaza". Hadithi yake unaijua kuliko mimi, kwamba ukisema hivyo umeshafanya upuuzi. Kila mahali pengine mtu akinichosha naweza kuaga, naweza kumwambia baba'ke, maji yanachemka jikoni. Kwa khatibu siwezi. Mtoto ananivuta ushungi, nyonga zinauma, na mdomo umefungwa na dini yangu mwenyewe. Mtu aliyepewa watu waliofungwa midomo aone haya kuwakalisha bila sababu.

Sasa nikueleze khutba moja ambayo sijaisahau. Alikuwa marehemu mwalimu wetu mmoja, mtu wa maneno haba hata nyumbani kwake. Ulikuwa mwezi wa tisa, ule wakati wa njaa, ghala hazijafunguliwa na watu hawana kitu, na wanunuzi wa kangomba wanapita vichochoroni usiku na mabakuli yao. Wenyewe tunajua, mwenye shida anauza korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, na bakuli la kupimia nalo limetengenezwa likatengenezeka, linabeba zaidi ya kilo linayoitwa. Mwalimu akahimidi, akaswalia, akasoma Ole wao wapunjao, ambao wakijipimia kwa watu hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia watu hupunguza. Akaisoma tena kwa Kiswahili, polepole. Halafu akasema: "Bakuli mnalijua. Aliyenalo yumo humu, na aliyepimiwa nalo yumo humu, na leo mmesimama safu moja." Akakaa.

Basi. Ile ya pili ilikuwa dua.

Usidhani iliishia pale. Wanaume walikaa barazani wakibishana mpaka adhana ya Alasiri. Mmoja anasema kangomba ni msaada, bila hiyo mtoto wake angefukuzwa shule. Mwingine anasema msaada gani unaokula shamba. Wengine wakaanza kuulizana nani hasa alikusudiwa, ikawa kila mtu anamtazama mwenzake bakuli lake! Kama mwalimu angewaeleza yote yale kwenye mimbari, wangeitikia kwa vichwa na kwenda kula. Aliwaachia kazi wenyewe.

Na mambo haya kwetu si mageni. Sisi tuliochezwa unyago tunajua. Kungwi hakuhutubii. Anakuimbia kajiwimbo kafupi, maneno yanaenea kwenye kiganja, anakuzungusha nako usiku kucha mpaka kamekuingia mifupani. Unaolewa, unazaa, unakuwa bibi, na siku jambo limekukuta ndipo unajua kale kawimbo kalikuwa kanasema nini. Yaliyosemwa humo ndani hayasemwi hapa, msinichokoze. Nasema tu hao bibi zetu ambao hawakushika kalamu walijua kufundisha kwa neno dogo lililorudiwa, si kwa neno kubwa lililopita.

Sasa hao wazee wako. Mimi siwalaumu. Mtu mzima akikwambia "hujanishibisha" ujue ana njaa kweli. Ila muulize njaa ya nini.

Katekista wa Kigango, Masasi

Tumsifu Yesu Kristo, na salaam alaykum mwalimu. Umetuita, tumekuja.

Kigangoni kwetu padre anafika mara moja moja, Jumapili nyingi naongoza mimi ibada bila padre. Kwa hiyo mahubiri ni mzigo wangu. Kanisani kwetu jambo hili limeshasemwa na mkubwa kabisa: Papa Fransisko, Juni 2024, aliwaambia watu pale Roma kwamba homilia isizidi dakika nane, kwa sababu zikizidi watu wanasinzia. Na akaongeza kwamba wana haki ya kusinzia! Sisi watu wa Ndanda tungeweza kujua hata kabla yake, maana wale wamonaki wa abasia wanaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na sura yake ya 20 inasema sala iwe fupi na safi. Kanuni hiyo ina karne kumi na tano.

Lakini tuwe wakweli, mahubiri siyo yanayotumalizia siku. Ni matangazo. Mahubiri dakika nane, matangazo nusu saa. Michango ya ukarabati, majina ya waliotoa, majina ya ambao hawajatoa, ratiba ya jumuiya, halafu mtu anakumbuka tangazo lililosahaulika akiwa ameshakaa, anainuka tena. Kisha tunatoka nje kwenye mnada wa sadaka, jogoo mmoja anauzwa na kurudishwa na kuuzwa tena mpaka mwenyewe kachoka. (Mnada siulaumu, ndio umetuezekea kanisa.) Ninachosema, mhubiri akibanwa afupishe wakati kila mwingine ana uhuru wake, watu watakwenda nyumbani wamechoka vile vile na watakaosingiziwa ni mahubiri.

Kuna ndugu zangu wanaotetea mahubiri marefu kwa Paulo kule Troa. Kisa kiko Matendo ya Mitume sura ya 20. Paulo alihubiri mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko amekaa dirishani akazidiwa na usingizi, akaanguka toka ghorofa ya tatu, akaokotwa amekufa. Paulo akashuka, akamkumbatia, kijana akawa mzima, na Paulo akapanda tena akaendelea kuongea mpaka alfajiri. Wanasema, mnaona, Paulo hakuacha! Nami nawajibu, anayeweza kumwinua mfu chini ya dirisha na aendelee mpaka alfajiri. Sisi wengine tuishie kabla mtu hajaanguka.

Umeuliza napimaje. Jumatatu nikikutana na mtu ambaye hakuja kanisani, alibaki kulinda shamba au kuuguza, namuuliza: umesikia jana tulisoma nini? Akijua, nashukuru. Ina maana mke wake au mtoto wake aliweza kulibeba neno mpaka nyumbani. Akiniambia "nasikia ilikuwa ibada nzuri sana", najua nimepiga maneno. Kigangoni kuna bibi zetu Kiswahili wanakisikia kwa mbali, wao ni Kimakua na Kimakonde. Nikisema sentensi moja nikatua, jirani anamnong'oneza, inaingia. Nikiunganisha "ambapo" na "kwamba" na "hata hivyo", yule jirani mwenyewe ananikodolea macho.

Kwa hiyo naandika Ijumaa usiku, Jumamosi napunguza. Kuandika ni saa moja. Kupunguza ndiko kunakoniweka macho.

Karani wa Chama, Newala

Nitaandika kidogo, niko ghalani.

Kwenye mikutano ya mnada hali ni hii. Kuna mkulima katoka Kitangari alfajiri aje kusikia bei. Anasimama mgeni, anasema "itifaki imezingatiwa", watu wanashusha pumzi. Kabla hawajamaliza kuishusha anasema "lakini kwa ruhusa yenu naomba nimtambue kipekee…" na anawatambua wote mmoja mmoja. Anafuata mwingine, "sina mengi". Anayo. Jua linapanda, akina mama wametandika kanga chini, watoto wanalia. Baada ya saa nzima anamalizia "kwa hayo machache".

Halafu bei zinasomwa. Kampuni, tani, bei ya juu, bei ya chini. Husikii hata mtoto. Watu wale wale waliokuwa wanasinzia sasa kila mmoja anapiga hesabu kichwani na makato yake, na ukikosea hata shilingi moja wanakurekebisha toka nyuma kabisa. Zamani tulifungua bahasha mbele yao, siku hizi ni mtandaoni kupitia TMX, soko la bidhaa Tanzania, ukimya ni ule ule.

Kwa hiyo ustadh, watu hawajachoka kusikiliza. Ushauri wangu, usiwazungushe, anza na bei.

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Vijana, salaam zenu nimezipata. Naona mmekubaliana haraka sana, sasa ngoja mzee awasumbue.

Kufupisha kumekuwa ugonjwa. Mjukuu wangu akinitumia ujumbe kwa simu anaandika "Babu mambo, nitumie elfu kumi". Neno "shikamoo" ni refu sana kwake? Watu wa bodaboda hapa Lindi, ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu "twende wapi?" Mkiendelea kusifia ufupi bila mpaka mtazaa watu wakavu.

Salamu zetu za Kusini ni ndefu na zina sababu. Unamuuliza mtu, habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Shamba? Tunamshukuru Mungu. Na mama? Hapo ndipo anavuta pumzi na kusema, "Mama… hivyo hivyo tu, wiki hii hajaamka vizuri." Unaona? Lile "nzuri" la kwanza ni la kila mtu. Habari yenyewe ilikuwa imekaa swali la nne. Ungekuwa mtu wa mkato ungeondoka na "nzuri" yako, na kesho ungesikia msiba ukashangaa. Kwa hiyo msilete habari ya dakika nane kwenye salamu.

Msibani ni kinyume chake, na hapo nakubaliana nanyi. "Poleni", "tumeshapoa", basi. Yule anayekuja kumweleza mfiwa hekima ya kifo kwa nusu saa ni bora angebaki kwake. Lakini angalieni, maneno ni machache na kukaa ni kurefu. Unakaa mkekani, unachota maji, unalala matangani. Waliofupisha maneno msibani hawakufupisha muda. Siku hizi mtu anafupisha vyote viwili, anatuma ujumbe "pole sana kaka" na alama ya mikono, kamaliza.

Sasa nirudi kwa ustadh. Kijana, umewatajia wazee hadithi ya Ammar, umefanya vizuri, lakini umewajibu swali ambalo hawakuuliza. Wao wamesoma zamani, wakati khatibu anasoma khutba yake kwa Kiarabu kitabuni, na kabla yake kuna mawaidha marefu ya Kiswahili. Walizoea kupata elimu siku ile. Wewe umewaletea khutba kama inavyotakiwa, lakini ile darsa iliyokuwa inatangulia umeiondoa na hujairudisha mahali pengine. Ndiyo njaa anayoisema huyo bibi wa Mikindani.

Abdullah bin Masud alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi. Mtu mmoja akamwomba, laiti ungetuwaidhi kila siku. Akasema kinachomzuia ni kuchelea kuwachosha, na kwamba Mtume mwenyewe alikuwa akiwachagulia siku kwa kuhofia wasichoke. Imo ndani ya Bukhari. Maana yake aliyetaka zaidi alikuwepo hata zama zile, naye hakukemewa kwa kutaka. Basi wawekee wazee darsa baada ya Magharibi, siku moja kwa wiki, kitabu kimoja, mpaka Isha. Huko refusha utakavyo, anayetaka kuondoka ana miguu. Ijumaa baki na zako kumi.

Na yule aliyekuuliza kama ulipanda kuwajulia hali, mpe yeye kazi ya kufungua darsa kwa dua. Nawajua wazee, na mimi ni mmoja wao.

Mwalimu wa Madrasa, Tandahimba

Allah awalipe kheri nyote. Mzee wangu wa Lindi, shikamoo. La darsa nimelipokea, na nimeshazungumza na wawili kati yao. Wanataka Jumatatu, na wanataka kitabu cha fiqhi tangu mlango wa twahara, maana wanasema vijana wanatawadha kama wanaosha vyombo. Huyo aliyeniuliza swali la kujulia hali ameshaanza kuchagua atakaa upande gani.

Karani, la kuanza na bei nimecheka lakini mimbarini haliwezekani, himidi lazima itangulie. Nitakachofanya ni kuhakikisha baada ya himidi na wasia sizunguki tena. Ijumaa ijayo nimekusudia mipaka ya mashamba, maana kuna ndugu wawili wameng'oa alama za katani na hawaswali safu moja. Nimeandika kurasa mbili, nimebakiza nusu, na bado Katekista ananitisha na ile Jumamosi yake.

Bi Mikindani

Sawa ustadh, na spika je?

Mwalimu wa Madrasa, Tandahimba

Bi mkubwa, spika ya Mikindani mimi nitaifikiaje nikiwa Tandahimba?

Bi Mikindani

Siulizi yetu, nauliza yenu. Umeshawahi kukaa upande wa wanawake mtu akijaribu kipaza sauti, ukasikia kinachofika? Muulize mkeo.

Mwalimu wa Madrasa, Tandahimba

Nimemuuliza. Anasema upande wao haijatoa sauti tangu mfungo, wanasikilizia dirishani. Kuna mtu anamjua fundi wa kuaminika hapa Tandahimba mjini? Nahitaji kabla ya Ijumaa.